Karatasi Kwenye Kiti cha Gari

Kampuni ya Milo Vavra ilishindwa kesi ambayo Milo mwenyewe hakujua kama imefunguliwa. Aliambiwa Jumanne moja asubuhi mwezi wa Oktoba, na naibu wa sherifu aliyefika uani kwake kubandika karatasi ya rangi ya machungwa kwenye mtambo wa kuchimbia visima. Naibu huyo aliitwa Gaylen, na mama yake alikuwa anakunywa maji ya kisima kilichochimbwa na mtambo huo huo, kwa hiyo alibandika huku akitazama pembeni, kama mtu anayemvua maiti viatu. Karatasi ilisema mtambo umeshikwa kwa amri ya mahakama. Usiwashwe, usihamishwe. Baada ya siku arobaini na tano utapigwa mnada ili kulipa dola elfu hamsini na nane ambazo kampuni ilikuwa inadaiwa na familia ya Tarwater.

"Kesi gani, Gaylen?"

"Ng'ombe wa Tarwater waliokufa kwa kiu mwezi wa saba. Wanasema ni ile pampu uliyowafungia. Hukuleta utetezi, bwana. Hata kutokea hukutokea."

"Nitatokeaje mahali ambapo sikuitwa?"

"Hapa wameandika uliitwa," alisema Gaylen, akaingia garini kwake upesi.

Mtambo ule ulikuwa wa baba yake. Milo alianza kuushika akiwa na miaka kumi na mitano, alipoacha shule, na sasa alikuwa na hamsini na tatu. Kazi nyingine hakuijua wala hakuitaka. Bila mtambo hakuna kampuni, na bila kampuni alibaki mzee mwenye kofia na mgongo mbovu. Kilichomchoma zaidi ni kwamba kesi ile angeishinda. Pampu ya Tarwater iliunguzwa na radi, na Milo alikuwa na karatasi yenye sahihi ya mzee Tarwater mwenyewe akikataa kununua kifaa cha kukinga radi, kwa hoja kwamba radi haijapiga shamba lake tangu enzi za babu yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Renata Oakes, mwanasheria pekee wa mji ule. Renata alifungua kompyuta, akamgeuzia. Katika jimbo la Nebraska, kama majimbo mengine ya Marekani, kila kampuni lazima iandikishe wakala, yaani mtu mwenye anwani inayojulikana, wa kupokea karatasi za mahakama na za serikali kwa niaba yake. Akikabidhiwa wakala, kampuni imekabidhiwa. Yanayofuata ni yao wenyewe kwa wenyewe. Tarehe kumi na nne Agosti, karatasi za Tarwater zilitiwa mkononi mwa wakala wa Milo, ofisini kwake anakouzia bima, naye alikuwa Norbert Kucera.

Milo alitukana taratibu, bila kupandisha sauti. Norbert alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu dada yake Lorraine. Milo alimwandikisha kuwa wakala miaka kumi na tisa iliyopita, enzi ambazo jambo kama hilo lilimalizwa kwa kikombe kimoja cha kahawa. Kisha Lorraine akafa. Norbert akachongesha jiwe la kaburi lenye majina mawili, la mkewe na lake, halafu kabla mwaka haujaisha akaoa mwanamke mwingine. Tangu harusi ile Milo hakumsemesha. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Wakikutana dukani, mmoja wao aligeuka kukagua misumari.

"Na kwa miaka mitatu yote hukubadilisha wakala," alisema Renata.

"Nilikuwa na kazi."

"Ni fomu ya ukurasa mmoja, Milo."

"Nilifuta namba yake kwenye simu. Nikadhani imetosha."

Ofisi ya bima ilikuwa hatua mia mbili kutoka hapo. Milo alizitembea huku akipanga matusi, moja baada ya jingine, kama anavyopanga mabomba kabla ya kuyashusha kisimani. Alimkuta Norbert mezani anakula mkate uliojazwa nyama na kabichi, leso imeingizwa shingoni. Milo akamuuliza, hata salamu hakuna, zile karatasi za mahakama za Agosti alizipeleka wapi. Norbert akafuta mdomo.

"Nilikuwekea kwenye gari."

"Gari gani?"

"Gari lako, shemeji. Pikapu nyeupe, ina jina lako mlangoni. Ilikuwa imeegeshwa pale kwenye maghala ya nafaka. Nikafungua mlango nikaziweka kwenye kiti, juu yake nikakandamiza na kopo la rangi zisipeperuke."

Milo akavuta kiti akakaa. Matusi yote aliyoyapanga yalikosa pa kuingilia. Kaunti ile hakuna afungaye gari, na kitu cha mtu huachwa kwenye kiti cha gari lake: nyanya za ziada, msumeno ulioazimwa, bahasha ya kanisa, sahani ya keki iliyooshwa. Wasiosemeshana ndio wanaoitumia zaidi desturi hiyo, maana unaweza kurudisha ngazi ya adui yako bila kumwona usoni. Norbert alifanya kile ambacho Milo mwenyewe angekifanya. Tatizo ni kwamba pikapu ile nyeupe Milo alikuwa ameiuza mwezi wa saba kwa muuza nyasi kavu wa kaunti ya pili, na hakujisumbua kukwangua jina lake mlangoni.

"Ungepiga simu," alisema hatimaye.

"Ungepokea?"

Milo alitazama kalenda ya ukutani. Norbert naye akatazama mkate wake. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama zile barua nyingine zilimfikia, zile za jimbo kuhusu ripoti ya kampuni, kwa sababu nazo mwezi wa tisa alizitia humo humo.

"Barua zipi tena?" aliuliza Milo.

Aliendesha maili arobaini kwenda kwa muuza nyasi. Kopo la rangi lilikuwa limepinduka, na bahasha zilikuwa chini ya kiti, zimegandana, bluu upande mmoja, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Muuza nyasi alisema aliziona siku ile ile ya kwanza, akajua ni za Milo, akaona Milo atazifuata. Milo akamuuliza kwa nini hakupiga simu, na namba imeandikwa mlangoni, kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Yule bwana alikiri kwamba alikusudia kupiga, ila nyasi zikawa tayari kukatwa.

Renata alizifurahia bahasha zile kuliko Milo alivyotegemea. Bahasha isiyofunguliwa ni shahidi, alisema. Angeweza kumwomba hakimu aifute hukumu na kesi isikilizwe upya. Ila kwanza wakala abadilishwe.

"Hakimu atakuuliza swali moja," alisema. "Leo hii karatasi zako zinakwenda kwa nani? Ukimjibu Norbert, mimi na wewe tufunge mikoba."

Basi Milo akaketi mbele ya kompyuta ya mkewe Jolene, akajaza fomu kwa vidole viwili. Alijiandika mwenyewe kuwa wakala, akaweka namba ya sanduku la posta, akalipa dola thelathini. Baada ya siku nne ikarudishwa. Sanduku la posta halipokei karatasi za mahakama. Walitaka mahali penye mlango, na nyuma ya mlango pawe na mtu. Akajaza ya pili, akaandika anwani ya nyumbani kama alivyoiandika maisha yake yote. Siku nne nyingine, ikarudi. Anwani hiyo haipo. Miaka miwili nyuma kaunti ilibadilisha majina ya barabara zote za mashambani ili magari ya wagonjwa yasipotee, na hakuna mtu aliyejali, hata tarishi wa posta hakujali. Milo alisimama jikoni akisoma kwamba nyumba alimozaliwa haipo. Akamuuliza Jolene kama yeye anaiona.

"Naiona," alisema Jolene. "Na naona inahitaji paa."

Renata alipoambiwa aliuma kalamu. Alisema hata anwani ikinyooka, Milo hafai. Wakala lazima apatikane pale alipoandikwa saa zote za kazi. Saa za kazi Milo huwa wapi? Shambani kwa mtu, matope mpaka magotini. Na Jolene? Jikoni hospitalini, maili thelathini kutoka nyumbani. Kulikuwa na kampuni mjini Lincoln, makao makuu ya jimbo, zinazofanya kazi hiyo kwa dola mia na ishirini na tano kwa mwaka. Milo alisema hamlipi mtu asiyemjua afungue barua zake.

"Basi niambie. Nani hapa mjini anakaa kwenye kiti kimoja asubuhi mpaka jioni, siku zote za kazi?"

Wote wawili walimjua. Kibanda cha mzani wa kupimia malori pale kwenye maghala ya nafaka kilikuwa na dirisha, na dirishani, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, alikaa Doreen, mke mpya wa Norbert. Watu walisema mwaka wa tufani kubwa upepo ulichukua paa la maghala na Doreen akabaki pale pale.

Milo aliahirisha siku mbili. Siku ya tatu akaingia kwenye foleni ya malori ya mahindi, akapandisha gari lake kwenye mzani na kushusha kioo. Doreen alilitazama gari tupu.

"Umeleta nini?"

"Fomu."

Alimweleza vibaya, maneno yakigongana. Nyuma yake lori lilipiga honi. Doreen aliisoma fomu pande zote mbili bila haraka, kama vile aliyepiga honi yuko kaunti nyingine.

"Miaka mitatu hata salamu hunipi," alisema, "leo unanikabidhi kampuni."

"Ndiyo."

"Nitapokea. Zikija nitakupigia simu, na wewe utapokea. Mimi siweki vitu kwenye viti vya watu." Akachukua kalamu, kisha akasita. "Na lile jiwe, Milo. Alilichongesha kwa sababu pale ndipo anapotaka kuzikwa. Aliniambia kabla hajanioa. Mimi nimelikubali. Wewe linakuwashia nini?"

Milo alisema sahihi inawekwa chini, upande wa kulia. Doreen akaiweka. Halafu akamchania karatasi ya mzani kama afanyavyo kwa kila gari: ratili elfu sita na mia tisa.

"Hapo ubishi wako umo," alisema, akamwita wa nyuma.

Fomu ya tatu nayo ikagoma. Jimbo lilisema halibadilishi wakala wa kampuni ambayo haijaleta ripoti yake ya kila miaka miwili. Ukumbusho wa ripoti ulikuwa miongoni mwa zile barua za bluu. Milo alipiga simu Lincoln, akangojeshwa akisikilizishwa muziki wa filimbi dakika hamsini. Aliyepokea alikuwa mpole, na upole wake ulimkera kuliko tusi.

"Tulituma ukumbusho kwa wakala wako, bwana Vavra."

"Huyo ndiye ninayetaka kumwondoa."

"Naelewa. Ndiyo maana huwa tunashauri mtu awe na wakala anayeelewana naye."

Akalipa ripoti, akalipa na faini. Siku mbili baadaye fomu ikapita.

Mahakamani Norbert alivaa tai na kusema yote mbele za watu, gari, kiti, mpaka kopo la rangi. Mwanasheria wa Tarwater alisema wakala alikabidhiwa na sheria ni sheria. Hakimu, mama wa kaunti ile ile, alikubali kwamba sheria haijui kiti cha gari. Kisha akasema wiki iliyopita alikuta maboga manne kwenye gari lake na mpaka sasa hajui amshukuru nani. Akauliza lile swali. Renata akaweka mezani fomu yenye jina la Doreen, muhuri wake una siku tatu. Hukumu ikafutwa, kwa sharti kwamba Milo alipe gharama za mwanasheria wa Tarwater mpaka siku hiyo. Gaylen alikwenda mwenyewe kubandua ile karatasi. Desemba mzee Tarwater alionyeshwa sahihi yake, akaondoa kesi, wala hakuomba radhi. Wakati huo ardhi ilikuwa imeganda, na msimu wa kuchimba umekwisha.

Hesabu ilikuwa hivi. Fomu tatu, dola tisini. Ripoti na faini, dola sabini na sita. Renata, elfu tatu mia moja na hamsini. Mwanasheria wa Tarwater, elfu nne mia nne. Siku thelathini na nane mtambo umesimama, na betri zake mbili zikafa. Visima sita vya vuli vilikwenda kwa mchimbaji wa kaunti ya pili, viwili kati yake kwa watu ambao baba zao walichimbiwa na baba yake Milo, na hao hawakurudi. Kikwangulio cha kuondolea jina kwenye mlango wa pikapu ya muuza nyasi, dola nne na alasiri nzima. Na chakula cha mchana cha Krismasi nyumbani kwa Norbert, kilichochukua muda wa saa tatu na nusu, kwa sababu Jolene alisema mtu hawezi kumfanya mwanamke kuwa mlango wa kampuni yake halafu akakataa kuingia kwenye mlango wake.