Miguu ya Yared

Debora alikuwa akipanga magazeti ya zamani mezani, pale Mikumi ambapo barabara ya Kidodi inaachana na barabara kuu, wakati kaka yake marehemu alipofika na kukaa kwenye kigoda. Mabasi ya Ifakara yalikuwa yameshapita na jua lilikuwa linazama nyuma ya gereji. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya kuja. Debora akamwamkia shikamoo, Yared akaitikia marahaba, kisha akaomba karanga.

Suala la shikamoo walikuwa wameshalimaliza zamani. Yared alikufa kijana na hakuzeeka tena, ilhali Debora sasa alikuwa amempita kwa umri, na jirani mmoja wa kanisani aliwahi kuuliza ni nani hasa anapaswa kumwamkia mwenzake. Debora akajibu kwamba aliyetangulia kuzaliwa ametangulia, na kufa hakumtoi mtu kwenye nafasi yake. Jirani akaona ni sawa, akanunua karanga zake akaondoka.

Yared hakuwa na miguu. Juu kidogo ya vifundo alikuwa amekatwa mstari mmoja ulionyooka, bila damu wala kovu, na suruali nayo ikaishia hapohapo. Alizikwa kijijini kwao Ulaya, upande wa Kilosa, akiwa na miguu yake yote miwili. Debora mwenyewe ndiye aliyetoa soksi za kumvisha. Kwa hiyo ilimchukua muda kuelewa kilichotokea.

Enzi za uhai wake Yared alikuwa mchoraji katika kiwanda kimoja cha uchapaji Dar es Salaam. Alichora vijitabu vya katuni vya Kapelo wa Reli, mfanyakazi wa stesheni ya Kilosa aliyesimamisha treni kwa ajili ya yeyote aliyepunga mkono, mbuzi wakiwamo. Watoto wa nchi nzima walivisoma mpaka vikachanika. Ukurasa wa mwisho, chini, Yared alikuwa akitia jina lake. Mkuu wake wa kazi, Mzee Urbanus, akamwambia alitie chini kidogo, lisibane picha. Yared alilelewa misheni. Mkubwa akikuambia shuka, unashuka. Lakini chini kidogo ndipo ilipopita mashine ya kukatia karatasi. Vitabu vikatoka bila jina lake, na kwenye jalada, mahali pa mchoraji, palisomeka Urbanus. Kila toleo Yared alidhani amekosea vipimo mwenyewe.

Ilibaki nakala moja isiyokatwa. Kiwanda kilikuwa kikimpa mchoraji nakala ya kwanza akague rangi kabla ya kazi kuendelea, na hiyo moja alisahau kuirudisha. Siku ya kuanua matanga, Jilala, mfugaji aliyetoka kanda ya ziwa na mtani wa ukoo wao, aliinyakua kwenye sanduku la marehemu kama watani wanavyonyakua, akajifanya anaisoma juu chini, akatangaza kwamba haitoi mpaka ikombolewe kwa kuku. Msiba mzima ulicheka. Debora aliahidi kuku, akapewa kitabu, na kuku hakumtoa kamwe. Jilala alikuwa akimdai kila wiki anapopita na maziwa, na wote wawili waliona raha ya kudaiana. Kumlipa kungemaliza mchezo.

Jioni moja Debora alikianika kitabu hicho mezani kwa sababu ya mchwa. Yared alipofika, alifika na miguu. Soksi zilikuwa zilezile. Tangu siku hiyo kila magharibi Debora alikifungua ukurasa wa mwisho, akaweka jiwe juu yake kisipeperuke, na kaka yake akatembea: mpaka kwenye gereji, mpaka kibanda cha chipsi, siku nyingine mpaka kwenye kizuizi cha barabarani kutazama malori. Jilala akawa anamcheka kwamba ametembea zaidi baada ya kufa kuliko alipokuwa hai. Debora alifurahi kupita kiasi, na hakujificha. Alikuwa na jambo moja tu analolitaka duniani, jina la kaka yake lisomwe kwenye kitabu chake, na ushahidi wa jina hilo ulikuwa pale, chini ya jiwe.

Ndipo akaja Marko. Ilikuwa miaka ile ambapo biashara ilikwisha kuachiwa huru na viwanda vinauzwa, na tajiri aliyekinunua kile cha uchapaji alitaka kumtoa Kapelo upya. Mabamba ya zamani ya kuchapia yalikuwa yameuzwa kama chuma chakavu, yakawa masufuria. Marko alitumwa kutafuta nakala safi ya kupiga picha. Alikuwa ameshapita Morogoro na Kilosa mjini, na huko akaelekezwa kwa Debora, akasimuliwa na habari ya miguu ya marehemu.

Alikuwa mtu mwenye adabu na aliijua kazi yake. Vitabu vya kawaida alivipitisha mikononi na kuviweka kando: hivi vina pini mbili, vimekatwa kingo, karatasi nyepesi. Kisha akaondoa lile jiwe. Akainusa karatasi, akaipandisha kwenye mwanga.

"Hii haina pini," alisema. "Karatasi nzito, imechapwa upande mmoja. Misalaba hii midogo ni ya kulinganishia rangi, na mistari hii ya pembeni ndiyo alama ya kukatia." Kidole chake kikashuka chini ya alama mpaka kwenye jina, kikatulia. Halafu akainama, akachungulia chini ya meza, upande wa pili ambako Yared alikuwa amesimama akitafuna karanga. "Na mwenyewe ana miguu. Ni yenyewe."

Debora akamuuliza kama jina litawekwa. Marko akajibu kwamba atalifikisha, ila mwenye uamuzi juu ya michoro bado ni Mzee Urbanus. Tajiri mpya alimbakiza kazini. Yared akafurahi kusikia kwamba mzee ni mzima. Akasema yule mzee alimfundisha mengi. Debora akamweleza Marko wazi kwamba kitabu hakitoki pale; kama ni picha, alete kamera.

Jilala akatokea na baiskeli yake na madumu ya maziwa, akauliza kuna nini, akaambiwa.

"Chukua, ndugu yangu," akamwambia Marko. "Hicho ni changu. Nilikiteka msibani, na huyu dada hajatoa kuku wangu mpaka leo."

"Kweli ni chako?"

"Changu kabisa. Muulize hata marehemu."

Yared alicheka. Debora naye alicheka, maana mtani hakasirikiwi, na ukimkanusha mbele ya mgeni umevunja utani wenyewe. Aliingia ndani kumletea mgeni chai.

Alipotoka na chupa ya chai, Yared alikuwa chini, kwenye vumbi. Alikuwa amesimama, na kilichokuwa kimemshika kikaondoka, akaanguka. Jiwe lilikuwa mezani peke yake. Basi la Dar, Marko akiwa ndani, lilikuwa linapanda kona ya kuelekea mbugani, na Jilala alikuwa akilikimbilia huku akipiga kelele kwamba yalikuwa maneno ya utani, utani tu.

Debora alikwenda Dar es Salaam. Mzee Urbanus alimpokea vizuri, akamwagizia soda, akamwonyesha kitabu ukutani, ndani ya fremu ya kioo, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho. Kilikuwa kimekatwa kingo kikaenea vizuri. Mzee akamwambia atafute mwenyewe, dada, kama kuna jina lingine hapo. Debora alitafuta. Halikuwapo. Alilia ndani ya basi kutoka Ubungo mpaka Chalinze, kisha akanyamaza kwa sababu kulikuwa na mtoto pembeni anamtazama.

Jilala alileta kuku. Aliyepaswa kulipwa ndiye aliyelipa, naye alimfunga mwenyewe kwenye mguu wa meza bila kutania. Kuanzia hapo, kila magharibi alimbeba Yared mgongoni mpaka kwenye kizuizi, wakatazama malori, akamrudisha. Watu waliwapisha njia, basi.

Kitabu kipya kilifika kabla ya Krismasi, Marko alimpa kondakta wa basi amletee Debora, pamoja na salamu. Karatasi ilikuwa inang'aa. Debora aliona jalada, akaona jina la Urbanus kwa herufi nyekundu, akafikiria kukificha kwenye gunia la karanga. Lakini Yared alikuwa ameshafika, yupo kwenye kigoda, amenyoosha mkono.

Alikifungua polepole. Akasifu rangi, akasifu kofia ya Kapelo, akasema sasa hivi wana mashine nzuri. Alifika ukurasa wa mwisho, akauinamia kwa muda, akasugua pembe ya chini kwa kidole.

"Debora, jina wameliweka wapi?"

Debora alikuwa akimenya karanga. Hakuinua macho.

"Chini kidogo, kaka," alisema. "Lisibane picha."

Yared akaitikia kwa kichwa, akasogeza kitabu karibu na taa, na akaendelea kutafuta.