Maboya ya Mgeni Rasmi

Jumapili ya kwanza ya Majilio, Ellinor alikuwa jikoni kwake Bilele akijaribu kuoka biskuti za kwao kwa jiko la mkaa. Ziliungua chini, juu zikabaki mbichi. Jirani yake Petronila, aliyekuwa kwenye kigoda akinyonyoa mabawa ya senene, wale panzi wa kuliwa, alionja moja akasema ni tamu, maana alikuwa mtu wa adabu. Sebuleni, Mchungaji Torben, mume wa Ellinor, alikuwa akipachika mishumaa kwenye duara la majani ya msonobari. Wote wawili walikuwa wazee waliostaafu kwao Denmark, wakatumwa Bukoba mwaka mmoja kusaidia usharika. Hii ilikuwa Krismasi yao ya kwanza mbali na wajukuu, na Ellinor alikuwa bado hajazoea kuimba nyimbo za kuzaliwa kwa Bwana akiwa amevaa kandambili.

Jioni ile mtu alibisha hodi. Alikuwa mvuvi kutoka visiwa vya Muleba, jina lake Mashimba, naye alikuwa amelowa chapachapa kuanzia nywele hadi nyayo. Mvua haikuwa imenyesha siku nzima. Alikataa kochi asije akalilowesha, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akauliza kama maboya yamefika.

"Yamefika," Ellinor alimjibu. "Yako kanisani, huko huko kisiwani kwenu."

"Asante, mama."

Akanywa chai, akaaga. Maji aliyoyaacha sakafuni yalinuka dagaa.

Siku chache baadaye Mashimba alizama. Alikuwa amejifunga dumu tupu kiunoni. Dumu lilifika ufukweni, yeye hakufika. Petronila alipopata habari alisema kumbe alikuja kuuliza mapema, basi. Wiki iliyofuata alikuja Burhani, naye amelowa vivyo hivyo. Huyu walimwahi. Walimpigia simu kisiwani, alikokuwa bado mzima, wakamwambia asipande mtumbwi, naye hakupanda, lakini wimbi lilimfuata hadi ufukweni, mwaloni, alipokuwa akifua nyavu. Tangu hapo Petronila aliacha ndoo na tambara mlangoni kwa akina Ellinor. Watu wa Bilele nao, wakimwona mtu anachuruzika maji juani, walimwonyesha nyumba bila kuulizwa.

Sasa, maboya yenyewe. Yalikuwa majaketi okozi ya rangi ya machungwa, yaliyonunuliwa kwa michango ya watoto wa shule ya Jumapili ya mji alikotoka Torben. Yalifika tangu Oktoba, yakavushwa hadi kisiwani, yakafungiwa kwenye stoo ya kanisa yakiwa bado kwenye nailoni zake. Hayakugawiwa kwa sababu mgeni rasmi hakuwa amepatikana. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Ufunguo alikuwa nao Mzee Ndyamukama wa hapo hapo mjini, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, na yeye alikuwa na msimamo kwamba kitu kisichokabidhiwa hakijatolewa. Shughuli ilipangwa ifanyike kabla ya Krismasi, ikasogezwa hadi baada ya Krismasi, bango likachapishwa upya. Torben hakupinga, kwani watoto wa kwao walikuwa wakisubiri picha.

Siku moja kabla ya mkesha, jua likizama, alibisha hodi Limbu, mume wa Petronila. Alikuwa na shati jipya la kitenge cha njano, limemganda mwilini. Petronila alikuwa mle mle jikoni akimenya ndizi. Aliinua kichwa, akamtazama.

"Mawe!" alishtuka kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, akaenda kuchukua ndoo.

Baada ya kumpa mumewe kikombe cha chai alitoa simu, akampigia. Limbu alipokea kutoka kisiwani, upepo ukivuma nyuma yake.

"Uko wapi?"

"Niko kambini, mama Jesca. Natengeneza nyavu. Kesho nakuja kula sikukuu."

"Uko hapa kwa Mama Ellinor. Umelowa."

"Nimevaa nini?"

"Shati la kitenge, la njano."

"Hilo limo kwenye mfuko bado," Limbu alisema. "Nimelinunua kwa ajili ya Krismasi. Sijamwonyesha mtu."

Limbu wa kwenye kiti cha plastiki alitazama shati lake, akalikamua pindo. Petronila alianza kulia bila kuacha kuongea. Alimwambia mumewe avunje kufuli la stoo, achukue boya moja tu, alivae, alale nalo.

"Kufuli naliona hapa nilipokaa," Limbu alisema simuni. "Lakini nitavunjaje kanisa? Mimi mtu wa kuja. Watasema Msukuma kaiba kanisa la watu, na wewe wakusimange maisha yako yote. Mzee Ndyamukama akisema ndiyo, navunja sasa hivi."

"Atakufa huyu kwa heshima," Petronila alisema.

"Mwache," alisema Limbu wa kwenye kiti. "Hasikii. Namjua."

Ellinor, Torben na Petronila wakaenda kwa Mzee Ndyamukama. Nyumba ilijaa watoto na wajukuu waliokuja kutoka Dar es Salaam kwa sikukuu. Mzee aliwapokea vizuri, akawapa kahawa ya kutafuna, akawasikiliza hadi mwisho bila kuwakatiza. Habari za Limbu kuja amelowa zilikuwa zimemfikia kabla yao, akampa Petronila pole.

"Waitu, mama," akamwambia Ellinor kwa heshima ya Kihaya, "bango linasema maboya mia mbili. Mgeni rasmi akikuta pungufu nitamwambia nini?"

"Utamwambia moja limeokoa mtu."

"Hilo ndilo tatizo. Wakisikia linaokoa, kila mmoja atataka lake. Yatakwisha kabla ya shughuli."

Ellinor alimgeukia mumewe. Torben alivua miwani, akaifuta, akasema kwa upole kwamba wao ni wageni na mgeni havunji utaratibu wa mwenyeji. Ellinor alikuwa ameishi naye hadi wameota mvi pamoja, na siku hiyo kwa mara ya kwanza alimchukia. Alimchukia njia nzima hadi nyumbani.

Limbu alikuwa bado kwenye kiti, maji yamefika kwenye mlango wa chumbani. Petronila alipiga simu tena.

"Amekubali?" Limbu aliuliza upande wa pili.

Petronila alimsogezea Ellinor simu, akamkazia macho. Visiwani kote walijua kwamba yule mama wa Kizungu hasemi uongo. Akisema chai haina sukari, haina. Neno lililotakiwa lilikuwa moja, na Ellinor alilihisi limekaa tayari mdomoni. Alikuwa amevuka nusu ya dunia kuja kushuhudia kweli.

"Hajakubali," alisema.

"Basi tuonane kesho, mama. Asante kwa kujaribu."

Petronila alichukua simu yake. "Ungesema amekubali tu, Mama Ellinor," alisema. "Neno moja. Mungu angekuelewa." Kisha akapiga magoti, akaendelea kukamua tambara kwenye ndoo, na mumewe akainua miguu ili apate kufuta chini yake.

Mkesha wa Krismasi mtumbwi ulipinduka karibu na kisiwa. Kwaya iliimba bila Petronila.

Siku ya makabidhiano, kule kisiwani, waliolowa walifika mapema kuliko wote, wakakaa viti vya mbele, kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine. Mgeni rasmi alichelewa, akaomba radhi kwa sababu ya ziwa. Alihutubia, akapigiwa makofi, akaanza kugawa: Mashimba, Burhani, Limbu, halafu wazima. Mpiga picha aliwaomba waliolowa warudi nyuma kidogo, wasije wakalowesha viatu vya mgeni. Petronila alimfunga mumewe mikanda ya boya, akaivuta kuona kama imekaza. Limbu alisema haimbani. Picha zilitoka nzuri, na Torben alizituma kwao palepale.

Mgeni rasmi alipokwisha kula na kuondoka, Mzee Ndyamukama alitangaza kwamba maboya yarudishwe. Wakati wa Pasaka angekuja mgeni mkubwa zaidi, na ilibidi ayakute mapya. Wavuvi walipanga foleni, wakavua, wakakunja. Ya waliolowa yalianikwa kwanza. Limbu alihangaika na kifungo cha mwisho hadi mkewe akamfungulia, kisha akaelekea ziwani na wenzake, shati la njano likionekana hadi mbali.

Kufuli lilibanwa. Ellinor alipenya katikati ya watu hadi mlangoni pa stoo, akasimama mbele ya Mzee Ndyamukama, akanyoosha mkono ili apewe ufunguo. Mzee aliutia ufunguo mfukoni, akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa kwa moyo wote, akamtakia heri ya mwaka mpya.