Kusugua Mstari wa Saba

Mjini kwetu mtu haulizwi ni mtoto wa nani. Anaulizwa ni mstari wa ngapi. Mnara wa kumbukumbu uko mbele ya posta, umbo lake kama kabati la vyombo lililopigwa plasta, na kifuani una bamba la jiwe lenye majina kumi na manane. Ni ya wanaume waliopakiwa melini kwenda kwenye vita vikubwa vile vya zamani, wasirudi. Ukoo wetu ni mstari wa saba. Mimi ni msusi, saluni yangu iko ng'ambo ya barabara, na mtu akiita "Wa Saba!" nageuka upesi kuliko akiniita kwa jina langu.

Siku ya kumbukumbu ni Jumapili, na Jumamosi yake huwa tunasugua. Kila ukoo unakuja na ndoo na mswaki, unasugua mstari wake tu, herufi kwa herufi. Wa Nne wanatumia sabuni ya unga. Wa Tisa wanatumia ndimu na wanajiona wasomi. Ole wako mswaki wako uteleze uguse mstari wa jirani: utasimuliwa mambo ya kwenu ambayo hata mama yako alidhani yamesahauliwa.

Anayesimamia yote hayo ni shangazi yangu, mwenyekiti wa Chama cha Wajukuu wa Waliokufa Vitani. Ni fundi cherehani, ana miaka sitini na sita, na akiingia mahali hata viti vinajipanga vyenyewe. Kiti cha chama amekikalia miaka ishirini na miwili, na kilichomjengea jina ni kanuni ya tatu, aliyoiandika mwenyewe: mwanachama awe mjukuu au kitukuu wa mtu aliyekufa vitani, basi. Kwa kanuni hiyo alimtoa Fundi Baiskeli wa Mstari wa Kumi na Mbili, miaka sita iliyopita. Ilikuja kujulikana kwamba babu yake alirudi kimyakimya na kifua kibovu, akaishi miaka miwili kwenye stoo ya dada yake, ndipo akafa. Fundi Baiskeli alilia mbele ya mkutano mzima, mtu mzima na mafuta ya mnyororo mikononi. Shangazi akamwambia, "Pole sana, kaka yangu, lakini kitandani si vitani." Tangu hapo yule bwana husimama nje ya ua wa mnara kila mwaka, na mstari wa kumi na mbili umeota ukungu.

Sasa, Jumamosi hiyo. Shangazi hupenda kuwa wa kwanza, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa tunavuka barabara, yeye na mswaki, mimi na ndoo. Tukamkuta mwanamke kachuchumaa mbele ya bamba. Mwili umejaa, kilemba cha njano, na mkono unakwenda mbele na nyuma. Anasugua mstari wa saba.

"We mama!" Shangazi akapaza sauti. "Huo mstari una wenyewe!"

"Najua," mgeni akasema bila kugeuka. "Ndio mimi."

Nikaweka ndoo chini. Umbea mzuri hausikilizwi na mzigo mkononi.

Mgeni akasimama, akajifuta mikono, akatusalimia kwa heshima zote. Alikuwa mwoka mikate kutoka mji wa pili, saa tatu kwa basi. Mteja wake alipita hapa akapiga picha ya majina kwa simu, akamwonyesha. Jina, jina la baba, jina la ukoo, yote matatu ni ya babu yake. "Nikalia pale pale kwenye unga," akasema. "Nikajiambia, kumbe kuna watu huko wanawakumbuka wote waliopigana. Nikaambiwa leo ni siku ya kusugua. Nimekuja na basi la usiku, nisaidie."

Shangazi akacheka, kile kicheko chake cha kumrudishia mteja nguo isiyo yake. "Dada, umepotea njia. Mtu huyu aliacha mke mmoja na mtoto mmoja mchanga. Huyo mtoto ndiye baba yangu. Kisha akafa."

"Alikufa, ndiyo. Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika bakuli la uji wake."

Nilitazama barabara. Wa Nne walikuwa wanakuja na ndoo zao, mdomo wao hauna breki. Nikamshika mgeni mkono wa kulia, Shangazi wa kushoto, nikawaingiza saluni na kushusha pazia.

Mgeni akatoa picha kwenye mkoba. Mzee ameketi kwenye kiti cha mbao, nywele nyeupe, mtoto mchanga mapajani. Sikuhitaji maelezo. Masikio yale, yaliyotokeza kama milango ya kabati iliyoachwa wazi, ninayaona kila siku kwenye kioo, na Shangazi amekuwa akiyafunika kwa kitambaa tangu usichana. Mgeni akavuta kilemba chake kidogo. Nayo yakatoka.

Mungu wangu, nikawaza, shangazi wa pili. Mmoja alikuwa ananitosha kabisa.

"Ngoja," akasema Shangazi, taratibu. "Huyu mtu alikuwa hai. Saa tatu kwa basi."

"Alikuwa fundi wa matanuri. Mpole, jamani! Hata kuku alikuwa anamwomba radhi kabla ya kumchinja."

"Na sisi? Hakuwahi kututaja?"

Mgeni akasita. "Aliwataja. Alisema mlikufa."

"Nani alikufa?"

"Wote. Mkewe, mtoto. Alituambia aliporudi kutoka vitani alikuta maradhi yamewamaliza. Kila mwaka tulikuwa tunakaa kuwaombea, na yeye katikati yetu, kainamisha kichwa."

Ningecheka wakati ule ningepigwa na kiti cha kusukia, kwa hiyo nilikwenda kuhesabu vitana. Lakini hebu fikiria. Huku tunamsugua yeye, kule anatuombea sisi, na wote tuko hai, tunakula na kunenepa.

Shangazi hakucheka. "Bibi yangu alikataa wanaume watatu," akasema. "Mmoja alikuwa na duka la vitambaa. Aliusugua mstari ule mpaka vidole vikakunjana, nikawa namfungia mswaki kiganjani kwa uzi. Na huyu bwana kainamisha kichwa!"

Hapo ndipo mgeni alipogundua. Akatazama nje kupitia pembe ya pazia, akawaona watu na miswaki yao, akasoma maandishi makubwa juu ya bamba, yale ambayo mteja wake hakuyapiga picha, na yeye asubuhi, kwa pupa ya kutafuta jina, hakuyainulia macho: WALIKUFA VITANI. Akakaa chini kwenye kiti changu cha kuoshea nywele.

"Kwa hiyo nimekuja kuharibu," akasema.

Nikamweleza kanuni ya tatu. Nikamweleza habari za Fundi Baiskeli. Kila nikiongeza neno, Shangazi anazidi kuwa mdogo, na mimi sijawahi kumwona mdogo.

"Basi sikilizeni," mgeni akasema. "Kesho naondoka na basi la kwanza. Picha nitaitia kwenye droo, chini ya nguo za msiba. Hakuna atakayejua. Wewe dada endelea na chama chako."

"Shangazi, amesema vizuri," nikadakia. "Tufunge midomo." Na mimi kufunga mdomo si kazi nyepesi, uliza yeyote.

Shangazi alichukua mswaki wake. Alitoka, akasugua mstari wa saba kama kila mwaka, akamkemea wa Tisa kwa ndimu nyingi, akarudi. Mchana kutwa alishona, pindo moja mara tatu. Jioni akamwambia mgeni, "Kesho usipande basi. Usimame na huyu msusi."

"Kwa nini, dada?"

"Sijui bado. Kaa tu."

Jumapili watu walijaa mpaka kwenye ngazi za posta. Mkuu wa mji alivaa suti, mpiga tarumbeta kavaa glavu nyeupe, na wanachama kila mmoja na ukanda wake wa bluu begani, wote wameshonwa na Shangazi. Desturi yetu ni hii: katibu wa chama, Mwalimu mstaafu, anasoma jina, na ukoo unaitika kwa sauti, "Hakurudi!" Kisha tarumbeta linalia mara moja. Ni jambo la heshima, na lina usingizi wake.

Jina la kwanza. "Hakurudi!" Paa. La pili. "Hakurudi!" Paa. Wa Nne wakaitika kabla hawajaitwa, kama kawaida yao. La tano, la sita. La saba.

Kimya.

Mwalimu akakohoa, akalisoma tena, akidhani kipaza sauti kimekatika. Shangazi alisogea mbele akakichukua mkononi mwake. Mkuu wa mji akapiga makofi kidogo, akifikiri ni hotuba. Shangazi hakuwatazama watu. Aliligeukia jiwe.

"Wewe mzee," akasema. "Nina neno na wewe."

Watu wakaacha kujipepea.

"Nimekusugua tangu nina miaka minane. Kumbe ulirudi! Ulikuwa unajenga matanuri saa tatu kutoka hapa, una mke, una wajukuu, unakula mkate wa moto! Bibi yangu ulimwambia nani kwamba amekufa? Alikuwa hapa! Alikuwa amekaa palepale ulipomwacha, anakusafisha meno ya jina lako! Kama hukumtaka ungeandika barua, angeolewa na mwenye duka, tungevaa vizuri! Mtu mzima hovyo!"

"Usimseme hivyo!" Mgeni alikuwa ameshanitoka mkononi. "Alikuwa mtu mwema!"

"Kwenu!"

"Ndiyo, kwetu! Alikuwa analia usingizini! Hujui aliona nini huko!"

"Angekuja kulia kwa mkewe!"

"Labda aliona aibu!"

"Aibu ya nini?"

"Sijui! Hakusema! Unafikiri mimi sikumuuliza?"

Wakasimama hivyo, wanahema, kila mmoja upande wake wa mnara, masikio manne yametokeza nje ya vitambaa. Mpiga tarumbeta, maskini, akaona pametulia, akapiga. Paa. Watu wakavua kofia, kisha wakavaa, kisha wakatazamana.

"Katibu," akasema Shangazi. "Soma kanuni ya tatu."

"Mwenyekiti, lazima iwe leo? Kuna wageni."

"Soma, Mwalimu."

Mwalimu akasoma, sauti yake chini kama ya mwanafunzi aliyefeli. Kutoka kwa wanachama kulianza minong'ono. Wa Tisa akasema Mwenyekiti asamehewe, kwani hakujua. Mwingine akasema tupige kura. Mkuu wa mji akasema mambo ya kifamilia yamalizwe kifamilia. Wa Nne hawakusema kitu, na hilo halijapata kutokea.

Shangazi akawanyamazisha kwa mkono. "Nilipomtoa mwenzetu sikupiga kura," akasema. Akavua ukanda wa bluu, akaukunja mara nne kwa ufundi, akamwekea Mwalimu juu ya daftari. Kisha akatembea, mgongo umenyooka, katikati ya watu wote wale, akatoka nje ya ua.

Fundi Baiskeli alikuwa pale pale pake. Mimi nilikimbia nyuma ili nisikose neno.

"Karibu," akamwambia Shangazi. "Huku jua ni kali kidogo."

"Nilikukosea, kaka yangu."

"Ulinikosea miaka sita."

"Nimesikia."

"Na mke wangu pia. Aliacha kwenda sokoni kwa ajili yako."

"Na mkeo. Kuna mwingine?"

Fundi Baiskeli akafikiri. "Mama mkwe, lakini huyo alifurahi." Akajisogeza, akampa nafasi kwenye kivuli cha baiskeli, ambacho kama unavyojua si kivuli. Ndani ya ua Mwalimu alikuwa amefika mstari wa nane. "Hakurudi!" wakaitika, kwa woga, kila mtu akimtazama babu yake kwa jicho jipya.

Nyinyi mnafikiri Shangazi alikwenda nyumbani akalala. Jumatatu alilala, kweli. Jumanne aligombana na cherehani, jioni akaenda kwa Fundi Baiskeli na daftari jipya. Jumatano nimefungua saluni nikawakuta wateja kumi na wanne barazani, na hakuna hata mmoja aliyetaka kusukwa. Walikuwa wamekuja kujiandikisha. Chama cha Wajukuu wa Waliorudi. Kumbe mji mzima una mababu waliorudi: mwenye mguu mmoja, mwenye kelele za mizinga masikioni, mmoja aliyerudi na kasuku. Miaka yote hiyo walikuwa wakitutazama tukisugua, na hakuna aliyewahi kuwauliza kitu.

Mwenyekiti ni Fundi Baiskeli. Shangazi alisema yeye uongozi basi, amekoma, ila akakubali kuwa katibu, na sijapata kuona katibu anayemkatiza mwenyekiti namna ile. Mwoka mikate alikuja na basi la asubuhi na trei mbili, akaziweka juu ya kabati langu la mafuta ya nywele, sasa saluni nzima inanukia hamira. Yeye na Shangazi bado hawajapatana kuhusu yule mzee. Wakikaa pamoja nusu saa lazima wagombane, na wakishagombana lazima wakae tena.

Daftari lina sehemu mbili: jina la babu, na alikorudi. Watu walipopungua, Fundi Baiskeli akafungua ukurasa safi, akamtazama katibu wake.

"Na wewe? Babu yako alirudi wapi?"

Mwoka mikate akaacha kukata mkate. Mimi nikaacha kufagia. Shangazi alikuwa anatazama nje, mnarani, kisu cha mgeni kikiwa hewani, sote tumeganda kama tunaopigwa picha.

"Andika alirudi," akasema. "Sio kwetu, lakini alirudi."

Fundi Baiskeli akaandika polepole, ulimi nje. "Wanachama wangapi wa mstari huo?"

"Wawili," Shangazi akasema, akamsogezea dada yake kiti. "Na huyu msusi. Ila yeye mwandike kwa penseli, tumwone kwanza kama atafika vikaoni."