Tuliomba Muda, Tukaletewa Mapapai

Mapumziko ya saa nne asubuhi yaliondolewa Jumatatu moja, miaka sita na miezi miwili iliyopita, na aliyeyaondoa ni meneja yule yule anayetembea akikodolea saa yake kama refa. Wenzangu wananiambia nisahau. Sisahau mimi. Tangu siku hiyo, kiwanda chetu cha mashuka kikawa kinashona toka saa moja mpaka saa saba bila mtu kuinua kichwa, na kwenda chooni mpaka uombe ruhusa kama mtoto wa shule.

Aliyeumia zaidi ni Mama Pasi, mtu mzima anayenyoosha mashuka yakishashonwa. Kwa kuona haya kuomba ruhusa, akaacha kunywa maji. Choo kikawa kigumu, kigumu mpaka damu. Muuguzi wa zahanati hakumung'unya maneno: matunda kila siku, maji ya kutosha, na haja ikikuita nenda. Ukiendelea hivi, mama, utapasuliwa.

"Nikipasuliwa, mwanangu, pasi yangu ataishika nani?" aliniuliza huku akicheka. Macho yake hayakucheka.

Nikaandika barua, kurasa mbili. Nilidai robo saa ya mapumziko kila siku na kueleza kwa nini. Mwishoni damu ikanichemka, nikafunga hivi: "Umefika wakati na sisi tuyale matunda ya jasho letu, kila siku, bila kuomba!"

"Shemeji, hapo mwisho umezidisha," alisema mdogo wa mke wangu, anayeshona kwenye mashine ya tatu.

"Nyamaza. Wewe hata jina lako unaliandika kwa kubahatisha."

"Sawa. Lakini najua meneja huwa anasoma mstari wa mwisho tu."

Alhamisi gari la mizigo likaingia uani na makreti: mapapai, maembe, mapera, machungwa. Meneja akasimama mbele yetu, uso umemkunjuka.

"Barua nimeisoma. Mnataka matunda kila siku, basi matunda hayo. Mimi si mtu mbaya! Ila kila mtu ale hapo hapo kwenye mashine yake. Kazi isisimame."

Kiwanda kizima kikaangua kicheko. Shemeji alilalia cherehani kwa kucheka. Mimi nilitaka kupasuka. Tunaomba muda, tunaletewa mapapai! Nikasimama nimpe ukweli wake, nikahisi shati linavutwa nyuma.

"Kaa chini, mwanangu," alisema Mama Pasi. "Chukua embe. Chagua lililoiva sana."

"Mama, huyu anatufanya watoto!"

"Nimesema lililoiva sana."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nakiri nilichelewa. Wiki ile tulikuwa tunashona mashuka ya hospitali. Meupe pe.

Tukala kwa utii. Maji ya embe yakashuka mpaka viwikoni. Haikupita muda, shuka la kwanza likatoka na vidole vitano vya njano, la pili na mbegu za papai. Meneja akashika kichwa.

"Acheni! Acheni kula!"

"Si umesema tule hapa hapa?" shemeji akajibu, mdomo umejaa.

"Tokeni! Mkale uani! Mnawe kwa sabuni ndipo mrudi!"

"Dakika ngapi, meneja?" Mama Pasi aliuliza kwa upole kabisa.

"Tano!"

"Embe lina kokwa, baba. Kokwa halimung'unywi kwa dakika tano."

"Kumi!"

"Na kunawa? Bomba moja, watu themanini."

"Haya, robo saa! Robo saa, na msinichoshe!"

"Kila siku?" nikadakia, kalamu mkononi. Nilikuwa nimeshaandika mstari mmoja tu, kwa hiyo safari hii aliisoma barua yote. Akatia saini.

Haya ninayoyasema sasa nimeyaona kwa macho yangu. Wasichana wa kukunja mashuka, waliokuwa wakitema damu kila wakipiga mswaki, fizi zao zimetulia. Shemeji hasinzii tena saa tano. Ila msidanganywe kwamba ni tunda peke yake. Ni tunda, ni maji, na ni muda wa kukaa chini ukala. Anayekuhubiria matunda huku amekunyima robo saa, huyo anakucheza shere.

Wiki ya sita Mama Pasi alifika uani akitoka zahanati. Siku hiyo ilikuwa zamu ya tikiti maji. Tukamzunguka wote.

"Muuguzi kaniangalia huko nisikokutaja," alisema, "kisha akasema, mama, hakuna cha kupasua. Nenda zako ukale."

Vigelegele vilivyopigwa hapo! Mama Pasi akang'ata kipande, akatema mbegu ikavuka bomba. Ndivyo yalivyoanza mashindano. Mimi nilitolewa raundi ya kwanza, shemeji akawa wa pili, na bingwa mnamjua. Meneja alikuwa akichungulia dirishani. Sijui nini kilinipata, nikamwita. Akaja, akakata kipande, akajaza kifua pumzi, akatema. Mbegu ikatua juu ya kiatu chake mwenyewe.

Tukampa kipande kingine, ajaribu tena.