Kontena Lisilo na Jina

Venant alikuwa ameshaandika amri ya kufuta, na mashine ilikuwa imemuuliza kama ana uhakika. Ilibaki herufi moja tu. Kidole chake kilikuwa hewani juu ya kibodi pale simu ya Prudencia ilipoita.

Msije mkamchukia Venant bure. Ni bosi wetu, ana haraka na ana makelele, na mimi na yeye tunakoromeana karibu kila siku ya Mungu, lakini siku ile alikuwa na sababu. Ofisi yetu iko Pasiansi, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Kazi yetu ni kufuatilia mitumbwi ziwani. Nahodha anavaa kifaa kidogo shingoni, hakiingii maji, kina kitufe chekundu. Kifaa kinatuletea mahali alipo, na mambo yakiharibika anabonyeza kitufe. Kwenye seva yetu kila mtumbwi una programu yake ya kupokea ujumbe, imefungiwa peke yake ndani ya kontena. Siyo makontena yale ya bandarini, jamani. Haya ni ya ndani ya kompyuta: unawasha moja, unazima jingine, mengine hayana habari. Na kila kontena linapewa jina la mwenye mtumbwi. Sheria hiyo niliitunga mimi Dorotea, na asiyeifuata ananijua.

Sasa siku ile diski ya seva ilikuwa imejaa pomoni. Ikijaa kabisa kila kitu kinasimama, mitumbwi yote inapotea kwenye ramani, na ziwa lilikuwa limeshaanza kuchafuka. Ukichungulia dirishani unaona mawimbi meupe hadi mbali, na bati la jirani linapiga kelele kwa upepo. Asubuhi Venant alikuwa ameyazima makontena yote yasiyo na jina la mtu, akasema ni mabaki ya majaribio yetu ya zamani. Mchana huu alitaka kuyafuta yasionekane tena, tupate nafasi. Hata mimi nilimwambia, "Futa, unasubiri nini?"

Prudencia akapokea simu. Ni mdogo wetu pale ofisini, Mhaya wa Muleba, mpole mpaka unatamani umtikise. Aliyepiga ni mumewe, Jonathan.

"Baba hajafika," akatuambia, simu bado iko sikioni. "Aliondoka kisiwani Kome alfajiri na magunia ya dagaa, yeye na Mhoja, msaidizi wake. Kirumba wanamsubiri tangu asubuhi. Simu zao zote hazipatikani."

Baba ni Mzee Mihayo, baba mkwe wake. Hakuna asiyemjua pale ofisini. Tulipoanza, wenye mitumbwi walitucheka wazi wazi, wakasema tunataka kuwafunga kengele kama mbuzi. Mzee Mihayo ndiye aliyekubali kuvaa kifaa wa kwanza, kwa kuwa mke wa mwanawe ndiye aliyekitengeneza. Alikuwa anatembea nacho hadi kanisani.

Venant akageuka kutazama skrini kubwa ya ukutani, ile inayoonyesha makontena yaliyo hai na hali zake. Kijani kitupu.

"Hakuna aliyebonyeza kitufe," akasema. "Pengine amejibanza kisiwani anasubiri upepo upungue."

"Pengine haifai," nikasema. "Toa mkono wako hapo kwenye kibodi."

"Dorotea, diski inajaa."

"Nimesema toa mkono!"

Akautoa, nampa haki yake. Nikavuta kiti kwenye mashine yangu, nikaandika `docker ps`, amri ya kuorodhesha makontena. Yakateremka: shimba, rebeka, selina, cleophace, na wengine na wengine. Nikapitisha macho, simwoni Mzee. Nikachuja kwa jina, `docker ps --filter name=mihayo`. Ukaja mstari wa vichwa vya safu, chini yake hamna kitu.

"Si unaona," Venant akasema. "Hayupo. Labda kifaa alishakirudisha."

"Amri hii inaonyesha yaliyo hai tu. Lililozimwa haliji mpaka uliite." Nikarudia, safari hii na `-a`, yaje yote, yaliyo hai na yaliyozimika. Mstari wa vichwa, na chini yake hamna kitu vilevile.

Nikamgeukia Prudencia.

"Pruda, mkweo tulimfungia kifaa au hatukumfungia?"

"Tulimfungia. Nilimfungia mimi mwenyewe."

"Sasa jina lake liko wapi?"

Amesimama nyuma ya kiti changu, ameshika simu kwa mikono miwili, anatazama sakafu.

"Pruda! Nakuuliza jina liko wapi?"

"Sikuliandika, dada Doro."

"Hukuliandika kivipi?"

"Ni baba mkwe wangu." Sauti ilikuwa ya chini mno, ikabidi nisogeze sikio. "Mimi nilivyolelewa, jina la baba mkwe halinitoki mdomoni. Nitaliandikaje pale? Kila siku hapa tunaitana, washa huyu, zima huyu, huyu amekufa, mfute. Nilishindwa. Nikaliacha kontena lake bila jina."

Khaa! Sijui niliwaza nini kwanza. Nilitaka kumtukana. Nilitaka kumkumbatia. Heshima yote ile, na ndiyo hiyo imemweka mzee wa watu kwenye kundi la takataka. Nikatazama skrini ya Venant, na lile swali bado limekaa pale linasubiri herufi yake. Yeye mwenyewe alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni.

"Nililizima asubuhi," akasema. "Mungu wangu. Nimelizima mimi."

"Tutalia baadaye," nikamwambia. "Pruda, kontena lisipopewa jina mashine hulitungia. Ilimwita nani?"

"Sikumbuki. Sikuwahi kulitazama. Kwenye ramani nilikuwa namjua kwa namba ya mtumbwi."

Na namba iko ndani ya kontena. Kuyafungua moja moja tungekaa pale hadi jioni, na diski isingetungoja. Nikaandika `docker ps -a --filter status=exited`, niletewe yaliyozimika peke yake. Skrini ikajaa, ikapanda, ikajaa tena. Majina ya ajabu matupu, yale ambayo mashine huyatunga yenyewe kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza yasiyojuana. Kila mmoja wetu alikuwa amefanya majaribio yake miaka hii yote na kuyatelekeza humo. Mengine yalikuwa yangu mimi mwenye sheria.

"Yachuje kwa programu," Venant akasema. "Acha ya mitumbwi tu."

Nikayachuja. Yakapungua kidogo tu, kwa sababu majaribio yetu nayo yalijengwa kwa programu ileile. Nje upepo ukabamiza dirisha. Jonathan alikuwa bado yuko kwenye simu, namsikia kwa mbali anamwita mkewe, "Haloo? Mama Rose? Mnamwona?" Prudencia akashika mgongo wa kiti changu.

"Yawashe yote," akasema. "Dada Doro, yawashe yote!"

"Tukiyawasha yote diski inajaa saa hiyohiyo, na kila mtu aliyeko ziwani tunampoteza. Fikiri! Unajua nini kingine juu yake? Siyo jina. Chochote."

"Sijui. Ni mtumbwi wa kawaida. Ni..." Akasita. "Alikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza nini?"

"Kabla ya wote. Kabla hata ya Shimba. Shimba alikubali baada ya kumwona yeye."

Mikono yangu ilielewa kabla ya kichwa. Unaweza kuchuja kwa umri, uambiwe yaliyotengenezwa kabla ya kontena fulani, na majaribio yetu yote yalikuja baada ya Shimba. Nikaandika, nikakosea, nikafuta huku najitukana, nikaandika tena: `docker ps -a --filter status=exited --filter before=shimba`.

Likaja moja.

Lilikuwa na jina la kipuuzi, sitaki hata kulitaja. Nikaliwasha. Kifaa chetu kikikosa mpokeaji hakitupi ujumbe, kinautunza na kuurudia, kinautunza na kuurudia. Tukatazama. Hakuna kitu. Venant alikuwa anapumua juu ya kichwa changu, na kwa mara ya kwanza sikumfukuza. Hakuna kitu. Nikaanza kusema labda betri, ndipo ukaingia wa kwanza.

MSAADA. Na mahali.

Kisha mwingine, MSAADA, kisha mwingine, kisha ikawa mvua. Alikuwa amebonyeza tangu asubuhi, muda mfupi tu baada ya Venant kuzima. Alibonyeza na kubonyeza. Prudencia akaziba mdomo kwa kanga yake na sauti iliyomtoka sitaki kuisikia tena maishani.

"Futa sasa," nikamwambia Venant. "Lake limewaka, amri yako hailigusi." Akabonyeza herufi yake, na diski ikapumua.

Mtumbwi wa karibu naye kwenye ramani ulikuwa wa Shimba, umejificha upepo nyuma ya kisiwa. Nikampigia. Nilijua namwomba atoke nyuma ya kisiwa na kuingia kwenye mawimbi, na nilijua ana watoto. Nikamwambia hivyohivyo bila kuzungusha.

"Ni Mzee Mihayo?" akauliza.

"Ndiye."

"Nisomee mahali polepole."

Nikamsomea polepole. Kisha tukakaa tunatazama alama mbili ndogo kwenye ramani, moja inasogea kwa tabu, nyingine inaelea tu, inapelekwa. Nikipiga simu Shimba hapokei, angepokeaje na mikono yote iko kwenye injini. Alama zikakaribiana, zikakutana, zikakaa pamoja muda mrefu kupita kiasi. Halafu zote mbili zikageuka kuelekea mjini, na Prudencia akaketi sakafuni.

Tulifika mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kabla yao. Upepo ulikuwa umeanza kuchoka. Jonathan alikuwa amesimama ndani ya maji na viatu vyake vya kazini. Mtumbwi wa Shimba ukaingia, na Mzee Mihayo akateremshwa amefunikwa turubai, midomo imemgeuka rangi, kifaa chetu bado kinaning'inia shingoni. Tukamtazama yeye, tukamtafuta Mhoja ndani ya mtumbwi nyuma yake. Shimba akatikisa kichwa.

Prudencia akapiga magoti kwenye mchanga uliolowa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu." Mzee akakaa juu ya kreti ya samaki, kwa kuwa miguu ilikuwa haimbebi. Watu walishaanza kutuzunguka. "Nilijua unaniona. Tangu mtumbwi ulipopinduka nilijua."

Prudencia hakuinua uso.

"Mhoja alitaka kuogelea," Mzee akaendelea. "Asubuhi ile kisiwa kilikuwa karibu, unaona hadi miti yake. Na yule bwana anajua maji, mnamjua wote. Nikamshika mkono. Nikamwambia, tulia hapa, tusiuache mtumbwi, mkwe wangu ananiona, sasa hivi wanakuja. Akatulia. Kila akitaka kuachia namwambia, nimebonyeza, ananiona. Baadaye tukawa tumeshapelekwa mbali, kisiwa hakionekani tena. Mikono yake ikachoka kabla ya yangu."

Alisema bila kumlaumu mtu yeyote. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikaona Prudencia anafungua kinywa, nikajua anataka kusema nini, nikamkamata bega. Siyo hapa, nikamnong'oneza. Siyo mbele ya watu. Akautoa mkono wangu.

"Baba, sikuwa nakuona."

Mzee akamtazama.

"Kontena lako lilikuwa limezimwa asubuhi yote, na mimi sikujua. Nilikuwa nimeliacha bila jina, kwa heshima yako. Hakuna aliyekuwa anakuona, baba. Hakuna hata mmoja."

Kelele za mwaloni zilikuwa palepale, wachuuzi, injini, kunguru. Venant alikuwa nyuma yangu, nikamsikia anasema, "Ni mimi niliyezima, mzee," na Mzee Mihayo hakumgeukia. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Alikuwa anaukunja na kuukunjua, ule aliomshikia Mhoja.

Kisha akamwambia Jonathan amshike anyanyuke, na akavuta turubai vizuri mabegani.

"Inuka, mkwe wangu, mchanga una maji," akasema. "Mnitafutie gari la kwenda Igoma. Mkewe Mhoja yuko sokoni kule, bado anamsubiri. Wewe usiende. Nitamwambia mimi niliyemshika."