Mikono ya Dada Joto

Ndoa ikifa, mahakama haitosheki kuambiwa kwamba imekufa tu. Inataka kujua nani kaiua na kwa silaha gani. Basi miaka minne iliyopita mke na mume walikaa kwenye meza ya jikoni, chai ikapoa mbele yao, wakachagua muuaji.

Mume alikuwa mwalimu, naibu wa mkuu wa shule, na alikuwa na mwanamke mwingine, mwalimu mwenzake wa shule hiyohiyo.

"Likiandikwa neno uzinzi, nimekwisha," alisema. "Lakini tukiandika ukatili, kwamba ulikuwa ukinipiga, nani atakufuata? Ni neno tu. Litalala kwenye faili."

Mke alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati. Alikuwa bado anampenda, na hapo ndipo penye ujinga wote. Hakimu alipomuuliza kama anapinga madai, akajibu hapingi. Tenda wema uende zako, walisema wahenga; hawakusema ujipake matope kwanza.

Wodini walimwita Dada Joto. Hakugusa kichanga kabla ya kuchovya mikono yake kwenye maji ya moto, akaikausha, akaipima shavuni mwake. "Huyu hana hata kilo," aliwaambia wanafunzi. "Mkono wa baridi kwake ni kofi."

Mwaka huu hospitali ikaamua kila anayehudumia watoto ahakikiwe upya. Muuguzi mkuu, mama wa makamo aliyemfundisha kazi, alimwita ofisini, akafunga mlango. Nakala ya hukumu ilikuwa mezani.

"Mwanangu, hapa imeandikwa ulimpiga mumeo mpaka akahofia maisha yake."

"Si kweli, mama."

"Najua. Nimekuona miaka kumi na mmoja. Lakini kamati haikujui wewe, inajua karatasi. Aliyeyasema na ayakanushe kwa maandishi. Wanakaa Ijumaa."

Alimkuta mtalaka wake shuleni, sasa mwalimu mkuu kamili, na jina la cheo mlangoni. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho huku akizungusha kalamu vidoleni.

"Nikiandika kwamba nilidanganya," alisema, "nimekiri kuwa niliapa uongo mahakamani. Watanifukuza siku hiyohiyo."

"Na mimi je?"

"Wewe utapata kazi kwingine. Una mkono mzuri, kila mtu anajua."

"Wewe ndiye unayejua," alisema. "Nilimshika mwanetu kwa mikono hii."

Mtoto wao wa pekee alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, akaishi siku mbili. Siku hizo mbili baba huyu ndiye aliyekuwa akienda na kurudi na beseni la maji ya moto, ili mama apashe mikono kabla ya kumgusa. Tabia ile ya wodini ilianzia hapo, katika beseni lake. Mwanamume alipokumbushwa, machozi yalimtoka, tena ya kweli, si ya mamba. Lakini kalamu haikugusa karatasi. Mwanamke alingoja mpaka kengele ya mapumziko ikalia, akachukua mkoba wake. Siku ya talaka moyo wake ulikuwa umepasuka tu. Ulivunjika pale, mbele ya meza ile safi.

Ijumaa kamati ilimaliza jambo lake kwa muda usiotosha hata kumbadilisha mtoto nepi. Muuguzi mkuu alimpigania asifukuzwe. Akahamishiwa masjala, mwisho wa korido, kupanga mafaili ya wagonjwa.

Jumatatu alifika mapema. Pembeni mwa mlango palikuwa na sinki. Alifungua bomba la maji ya moto, akachovya mikono, akaigeuza huku na huku, akaikausha vizuri na kuiweka shavuni. Karani wa masjala, mtu wa mizaha asiyejua lolote, alimtazama akacheka.

"Dada, unajiandaa kumshika nani?"

Aligeuka, akaona rafu zimejaa mafaili mpaka darini.

"Hakuna," alisema, na mikono yake ilikuwa bado ya moto alipoanza kulia.