Mshipi wa Kibuyu

Mbuke alijisifu mapema, na ukishajisifu mbele ya Shangazi Bertha huna pa kurudia. Alisema kwa simu kwamba kibuyu cha maziwa cha harusi ya kaka yake Nyanda kitafungwa mshipi aliofuma yeye. Shangazi akamjibu taratibu kwamba ni vizuri, ila atanunua utepe mwekundu auweke mkobani, isije ikawa. Utepe huo ndio uliomchoma Mbuke. Harusi ilikuwa Jumamosi, Usangu. Yeye alikuwa Iringa, na ufumaji alikuwa ameuanza wiki tatu tu zilizopita.

Alifanya kazi katika duka la vitambaa la Kumud, ambaye wateja wote walimwita Mama Urvi. Alasiri duka likipoa, mama huyo alifuma mishipi kwa kadi, kazi aliyoachiwa na mama yake mzazi. Kadi zilikuwa za mraba, zimekatwa kwenye boksi gumu, kila moja ina matundu manne na kila tundu lina uzi wake. Nyuzi zilifungwa nguzoni upande mmoja na kiunoni mwa mfumaji upande wa pili. Unazungusha kadi zote robo, nyuzi zinapishana, unapitisha uzi wa kukatiza, unabana kwa rula. Mara nne mbele, mara nne nyuma. Ukizidisha upande mmoja, nyuzi zinajisokota na kadi zinagoma.

"Hesabu," Mama Urvi alisema kila siku. "Kwa sauti, nikusikie."

Mbuke hakuhesabu. Kwao mifugo haihesabiwi kwa kidole. Baba yake, Mzee Nashoni, husimama mlangoni pa zizi jioni, akatazama mara moja, akasema nani hajarudi. Mbuke alikulia katika macho hayo na alitaka kufuma kwa macho hayo hayo. Tatizo, kadi zote zilifanana. Akiitwa kupima kitambaa, akirudi hakujua kama alikuwa akienda mbele au akirudi nyuma. Jumatano alikunjua mshipi akakuta mishale ya urembo wake imevunjika shibiri nzima.

Mama Urvi alimshauri asisumbuke, kipande hicho kitaingia ndani ya fundo la kufungia kibuyu na hakuna atakayekiona.

"Baba ataona," alisema Mbuke.

"Nani atamwonyesha?"

"Yule haonyeshwi, mama."

Akafumua. Ilimchukua alasiri nzima, na vidole vikawa vyekundu. Kisha, kabla ya kuanza upya, alichukua kalamu ya wino akachora kichwa cha ng'ombe ukingoni mwa kila kadi, wote upande mmoja, na kila mmoja akampa alama za ng'ombe wa baba yake: huyu mwenye paji jeupe, huyu pembe moja, huyu Baka mwenye doa ubavuni. Mama Urvi alidhani msichana amekata tamaa na sasa anacheza. Lakini macho yalikuwa yamepata kazi yao. Pembe zikitazama juu, kundi liko zizini. Zinageukia mlangoni, zinainama chini, zinamgeukia yeye, zinarudi juu. Wakienda mbele, bangili yake iko mkono wa kulia. Wakirudi, anaihamishia kushoto. Kadi ikizembea, aliiona papo hapo.

Alhamisi alifuma kutwa nzima. Ijumaa asubuhi Mama Urvi aliupitisha mshipi kati ya vidole viwili, mwanzo hadi mwisho. Kisha akamwomba amwachie kadi.

"Urvi wangu naye hataki kuhesabu," alisema.

Basi la kwenda kwao liliposimama Nyololo, Mbuke aliutoa mshipi autazame kwenye mwanga wa dirisha. Karibu na mwisho, nukta moja nyeupe ilikuwa imekaa upande usio wake. Kadi zilikuwa Iringa. Njia iliyobaki aliimaliza akiwaza fundo lile linaloweza kuficha kosa.

Jumamosi asubuhi, mbele ya kina mama na kibuyu, hakuficha kitu. Alimpa baba yake mshipi wote umenyooka. Shangazi Bertha alikuwa ameshafungua mkoba. Mzee Nashoni alipitisha kidole gumba polepole, kikafika karibu na mwisho, kikasimama.

"Huyu amechepuka," alisema.

"Ni Baka, baba. Nilikuwa na haraka, sikumwona."

Hakuuliza Baka yupi. Alikuwa naye mmoja tu, na asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamemtoa kwenye mpunga wa jirani. Mzee alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akakifunga kibuyu kwa mikono yake, ile nukta nyeupe akaiacha nje, mbele kabisa.

Shangazi Bertha akautumia utepe wake kufungia mfuniko wa ndoo ya wali, na kibuyu akakibeba Mbuke mwenyewe.